Maswali tunayoulizwa kila Jumamosi kuhusu nguo za watoto wa Ngazija

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri tunakaa kwenye ua wa ndani wa nyumba moja ya Mkomani, ule ambao sisi watu wa Lamu twauita kiwanda, tukiwa na cherehani saba na mikeka mitatu. Tunashona nguo za watoto tusiowajua, wa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Mlango wa daka, yaani wa kibaraza cha kuingilia, hatuufungi, kwa hiyo wapita njia huingiza kichwa na kuuliza. Nimechoka kujibu maswali yaleyale huku pini ziko mdomoni, ndiyo maana nimekaa kuyaandika. Majibu mengine ni ya kikundi kizima. Mengine ni yangu mimi, na pale ambapo wenzangu hawakubaliani nami nitasema.

Nyinyi ni kina nani?

Ni wanawake kumi na tisa na wanaume wanne. Wengi ni wa hapa mjini, wachache huja kutoka Shela na Matondoni. Mafundi wanaokula kwa cherehani ni sita tu. Waliobaki ni walimu, wauza mahamri, wasichana wa sekondari, na kina bibi walioacha kushona kofia za vito kwa sababu macho hayaoni tena vile vitundu. Tumesajiliwa kama kikundi cha jamii, basi. Hakuna anayelipwa, hata nauli ya mashua.

Kwa nini Ngazija na si kwingine?

Kwa sababu tuliombwa. Usiku wa 24 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija, na kesho yake kikaingia Cabo Delgado kule Msumbiji, wiki sita tu baada ya Idai kuivunja Beira. Lamu ina damu nyingi ya Komoro. Habib Swaleh mwenyewe, aliyeuasisi msikiti wa Riyadha, alizaliwa Ngazija. Basi mmoja wetu akapigiwa simu na binamu yake aliyeko kule: mabati yameruka, masanduku ya nguo yamelowa, migomba imelala chini yote. Tulidhani ataomba pesa. Aliomba nguo za watoto za kuendea chuoni, yaani kusoma Kurani, ziwe safi na ziwe za kufanana, ili mtoto aliyepoteza kila kitu asijulikane kwa nguo alizovaa.

Ombi hilo lilitufunza jambo ambalo hatukulielewa mpaka tulipokosea, nami nitalieleza chini kwenye swali la vipimo. Mwenye shida ndiye anayejua anachotaka. Sisi kazi yetu ni kusikia vizuri kabla ya kushika mkasi.

Desemba 2024, kimbunga Chido kilipoipiga Maore (Mayotte), simu zilianza tena. Maore iko chini ya Ufaransa na forodha yake ni nyingine kabisa, kwa hiyo hatukuthubutu. Tulibaki na Ngazija.

Mbona hamwanzi na watoto wa hapa? Lamu hakuna maskini?

Wapo. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza ni bwana aliyekaa barazani tangu adhuhuri na hajawahi kutuletea hata kigurudumu cha uzi.

Watoto wa hapa tunawashonea, ila hamtuoni. Lamu ni mji wa vichochoro. Ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili, na kila mtu anajua kila nguo imetoka kwa nani. Mtoto wa Langoni akivaa gauni nililolishona mimi, ikifika magharibi mji mzima umeshajua, na wenzake chuoni hawatamwacha. Kwa hiyo mzazi wa hapa akikwama na sare ya shule, tunamshonea kimya kimya, nguo inapita kwa mama yake ndani ya kikapu cha samaki, na haiandikwi katika daftari lolote. Usiulize ni nguo ngapi. Hata mimi sijui, na ndivyo tulivyotaka.

Ng'ambo ni tofauti. Kati ya mtoto wa Ngazija na mimi kuna zaidi ya kilomita 1,000 za bahari. Hatakutana nami sokoni, mama yake hatalazimika kuniamkia kwa unyenyekevu. Bahari hiyo inamsitiri.

Si afadhali mnunue robota la mitumba mpeleke? Ni rahisi zaidi.

Ni rahisi, naam. Mimi mwenyewe navaa mitumba, blauzi niliyovaa sasa ni ya soko la Malindi. Lakini robota ukilifungua unapata ulichopewa. Utapata jaketi la baridi, suruali ya mtu mzima, fulana yenye maneno ambayo hakuna mtu nyumbani anayeyaelewa. Aliyetuomba alitaka nguo thelathini za kufanana, na mitumba haifanani.

Halafu kuna suala la mafundi. Mwaka 2008 mchumi Garth Frazer alichapisha utafiti uliokadiria kwamba nguo kuukuu zilizoingia Afrika zilichangia kiasi cha asilimia 40 ya kushuka kwa utengenezaji wa nguo barani kati ya 1981 na 2000. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iwe imeondoka sokoni kufikia 2019. Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza nguo kule bila ushuru. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani nguo ya bure haina gharama. Kuna fundi anayeilipia.

Wenzangu wawili katika kikundi wananiona nina kiburi cha ufundi katika hili. Wanasema mtoto aliye uchi haulizi shati limeshonwa na nani. Wana haki yao.

Basi kwa nini msitume pesa, mafundi wa Ngazija washone wenyewe?

Swali hili ndilo linaloninyima usingizi, maana ukishasema niliyoyasema juu huna pa kujificha. Mara mbili tumefanya hivyo: tulituma majora ya kitambaa bila kukata, pamoja na uzi na pesa za kazi, wakashona mafundi wawili wa kule. Nguo zilitoka nzuri kuliko zetu, na hazikuhitaji vipimo vya simu, maana mtoto alisimama mbele ya fundi.

Tunaposhona sisi ni pale wanaposema cherehani zao zimeingia maji, au wameelemewa na sare za kufungua shule. Kila mzigo tunaanza kwa kuuliza: mwataka nguo, kitambaa au pesa? Siku watakaposema "pesa" mfululizo, cherehani hizi zitarudi kushona mapazia ya hoteli.

Mimi sijui kushona. Nije kufanya nini?

Njoo upige pasi. Sisemi kwa mzaha. Mshono usiopigwa pasi kabla ya kuungana na mwingine huenda mrama, na kila mtu hapa anataka kukanyaga cherehani, hakuna anayetaka pasi ya makaa saa kumi alasiri na joto la kaskazi. Kuna pia kukata nyuzi zinazoning'inia, kupitisha lastiki kwa pini, kupanga nguo kwa urefu na kuzihesabu. Kuhesabu tunakupa wewe unayejua hesabu, sisi tukikaa pamoja twapiga soga na idadi inapotea.

Ukitaka kujifunza, wiki ya kwanza hutapewa uzi. Utashona karatasi yenye mistari, sindano tupu, mpaka vitundu vyako vifuate mstari na kona uzikate bila kutoka nje. Wasichana hulalamika. Baada ya wiki tatu wanashona pindo lililonyooka kuliko la baadhi ya mafundi wa mtaani.

Mnashona nguo gani hasa?

Gauni la mikono mifupi lenye marinda kiunoni, kaptura, kanzu ndogo za wavulana, mitandio ya wasichana, na chupi. Za mwisho ndizo zinazoombwa zaidi na ndizo watu wanazoona haya kuzishona. Hakuna mtu anayetoa chupi msaada, na iliyovaliwa hatuipokei hata ikiwa imefuliwa mara ngapi.

Kila mtoto tunampangia nguo mbili kamili. Hilo hatukulibuni. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada huufuata duniani, katika toleo la 2018 unataka kila mtu apate walau seti mbili kamili za nguo, za kipimo chake, zinazofaa mila, msimu na hali ya hewa. Sababu anaijua mama yeyote: moja iko mwilini, moja iko kwenye kamba. Mwenye nguo moja hukaa ndani siku ya kufua.

Vipimo mnavipata wapi ilhali watoto hamwaoni?

Hapa ndipo tulipoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mzigo wetu wa kwanza tulishona kwa umri. Tuliambiwa "wasichana wa miaka minne mpaka sita", tukawaita watoto wa mtaani wa umri huo, tukawapima kifua, kiuno na urefu, tukashona. Shingo tulikata ya mviringo, ndogo na nzuri, bila kifungo, maana tulitaka pasiwe na kitu cha kukatika. Gauni zilipendeza mno. Tulizitundika kwenye kamba kiwandani, watu wakaja kutazama.

Zilipofika, hazikuingia kichwani. Tuliletewa ujumbe wa sauti, na mama aliyezungumza alicheka kwanza ili tusione vibaya, kisha akasema wamezichana shingo kwa mkasi na kuzipinda kwa mkono. Sisi tulikuwa tumepima kila kitu isipokuwa kichwa. Tazama hesabu yenyewe: mtoto wa miaka miwili mzingo wa kichwa chake ni karibu sentimita 48, na wa miaka mitano ni karibu 50. Mwili unaongezeka kwa kasi, kichwa kinaongezeka kidogo tu. Shingo zetu zilikuwa na mzingo wa 44. Na mtoto aliyepitia njaa mwili wake huwa mdogo kuliko umri wake, lakini kichwa hakipungui kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo ukimshonea nguo ndogo kila mahali, pa kwanza kukwama ni shingoni.

Sasa hatuulizi umri. Tunamwomba mwalimu wa kule atupe urefu wa kila mtoto, tangu utosini hadi kisigino, amesimama ukutani bila viatu. Tunagawa kwa hatua za sentimita sita: 92, 98, 104, 110, 116 na kuendelea. Kwa anayetaka kufananisha, viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vinamweka mtoto wa mwaka mmoja kwenye sentimita 75 hivi, na wa miaka mitano karibu 110. Ila usishone kwa viwango. Shona kwa karatasi ya mwalimu. Shingo yoyote isiyofunguka tunaikata mzingo usiopungua 54, au tunaipasua nyuma sentimita kumi na kutia kitanzi.

Bibi mmoja wetu hupitisha kila gauni kichwani mwa mjukuu wake kabla ya kulikunja. Mjukuu amekwishachoka. Analipwa kwa kashata.

Kitambaa gani mnakubali?

Pamba. Popilini, khaki nyepesi kwa kaptura, marikani kwa kanzu za chuoni. (Marikani, kwa wasiojua, ni kitambaa kilicholetwa pwani hii na merikebu za Wamarekani karne ya 19, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Sasa tunakishona kwenda ng'ambo, nacho kilianza kwa kutoka ng'ambo.) Kitambaa chote kinafuliwa na kuanikwa kabla ya kukatwa, maana pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza. Afadhali inywee kwetu kuliko mwilini mwa mtoto.

Nailoni na satini hatupokei. Ngazija ni joto na unyevu kama hapa, na Novemba hadi Aprili mvua haipumui. Tena kule wengi wanapikia kuni, na nailoni ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi. Nimeliona hilo kwa mtoto wa jirani, sitalieleza zaidi.

Naweza kuleta leso zangu za zamani?

Leta. Leso ya pamba, yaani kanga, ni laini na rangi yake haina mfano. Lakini kabla hatujaikata, mtu mmoja analisoma jina la leso kwa sauti na wote tunapiga kura. Leso zetu hazina haya. Tuliletewa doti nzuri mno, nyekundu na nyeusi, na kijana mmoja alikuwa ameshaikata nusu ndipo mtu akasoma: "Mtasema mchana usiku mtalala". Fikiria maneno hayo kwenye makalio ya mtoto wa miaka minne. Na wasidhani Mngazija hataelewa. Lugha zetu ni ndugu, na wazee wengi wa kule Kiswahili wanakijua.

Jina likiwa la ugomvi tunalikata na kuliacha. Jina likiwa la dua tunaliweka mgongoni, juu, mahali pa kuonekana. Pindo la leso linafaa sana kuwa pindo la gauni, wala halihitaji kushonwa upya.

Vifungo, zipu na kamba je?

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu hakuna kifungo. Kikikatika kinaingia mdomoni na kumpalia. Kamba za kufungia shingoni hakuna kwa mtoto yeyote. Viwango vya Ulaya, EN 14682, vinakataza kamba za shingo na kofia ya nguo kwa watoto hadi miaka saba, kwa sababu hunasa kwenye michezo na kuwanyonga. Huko Ulaya ni bembea, kwetu ni tawi la mwembe.

Zipu huliwa na chumvi ya bahari ndani ya miezi. Lastiki nayo hulegea kwa joto, kwa hiyo kwenye kiuno cha kaptura tunaacha mwanya wa sentimita mbili upande wa ndani, haushonwi, ili mama aivute iliyochoka na kupitisha mpya bila kufumua. Ukiona mwanya huo usidhani tumesahau na kuuziba. Mtu mmoja aliziziba kaptura ishirini kwa bidii yake njema, tukakaa siku nzima kuzifumua.

Mbona pindo zenu ni nene hivyo?

Mtoto anakua. Pindo ni sentimita saba, na juu yake kwa ndani kuna mkunjo mwingine ulioshonwa mishono mikubwa ya mkono, ya kufumuliwa kwa urahisi. Gauni la sasa litakuwa gauni la mwaka ujao. Pembeni tunaacha kitambaa sentimita mbili kila upande. Na kwa kuwa mashine ya kufunga ncha za nyuzi hatuna, tunashona mara mbili: mara ya kwanza ncha zikiwa nje, tunapunguza, tunageuza, tunashona tena ndani ili ncha zizikwe. Ni kazi maradufu, lakini nguo ukiigeuza ndani nje huoni uzi.

Nimeona gauni la foronya kwenye simu. Si lingewaokolea muda?

Lile la kukata kwapa mbili kwenye foronya na kupitisha utepe juu? Linaokoa muda, na kwa anayeanza ni mazoezi mazuri. Foronya ya kawaida ina upana wa sentimita 50 na urefu wa 75 hivi, kwa hiyo inamtosha mtoto mdogo bila kukata sana. Lakini mabega yako wazi, na wenzetu wa kule walituambia kwa upole kwamba gauni la mabega wazi mtoto ataenda nalo kisimani, si chuoni. Tulitii. Foronya zikija tunazifanya chupi na vitambaa vya ndani.

Cherehani yangu ni kuukuu ya kuzungusha kwa mkono. Inafaa?

Inafaa kuliko ya umeme, maana umeme ukikatika wewe ndiye unayeendelea. Tatizo la hapa kisiwani ni hewa ya chumvi. Sindano zinapata kutu ndani ya kopo, bobini zinang'ang'ania. Weka sindano kwenye kitambaa chenye mafuta, na cherehani uifunike kila ukimaliza.

Na tafadhali, mwanangu, mafuta ya nazi usitie. Najua yako jikoni na yananukia. Mafuta ya kupikia yakikaa ndani ya chuma hugeuka gundi. Kuna Singer moja nzuri ya kukanyaga iliyotiwa mafuta ya nazi na mtu mwenye nia njema, ikakwama kama iliyopigwa msumari. Fundi aliifungua yote, akaiosha kwa mafuta ya taa chuma kwa chuma, na mshipa wa shingo ulimtoka kwa hasira. Tumia mafuta ya cherehani. Kichupa kimoja kinakaa mwaka.

Wanaume wanaruhusiwa?

Mafundi cherehani wengi wa mji huu ni wanaume, sasa swali hilo latoka wapi? Wanakaa upande wa daka, sisi ndani, na nguo zinapita mlangoni. Kanzu zote za wavulana wanazikata wao.

Mzigo unasafiri vipi?

Punda mpaka gati, mashua mpaka Mokowe, basi kwa njia ya Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa. Mombasa wakala wa meli anaupokea. Safari ya bahari haina siku maalumu kwa mizigo midogo kama yetu. Inangoja nafasi.

Kitu cha kujua ni kwamba Moroni, bandari ya Ngazija, meli kubwa haziwezi kufika ukingoni. Hutia nanga nje na mizigo ikashushwa kwa matishari. Bandari yenye kina iko Mutsamudu, kisiwa cha Nzuwani. Kwa hiyo kila furushi tunalifunga kwa plastiki mbili na kuziba kwa utepe, hata kama huku kwetu jua linawaka. Maji yanayoharibu nguo mara nyingi ni yale ya mita mia za mwisho.

Nguo za msaada si hazitozwi ushuru?

Laiti. Forodha haitazami nia, inatazama karatasi. Mpokeaji lazima awe anatambulika na serikali yake, aombe msamaha wa ushuru mapema, na awe na jibu la maandishi kabla mzigo haujafika. Nguo zote ziwe zimeorodheshwa kwa aina, idadi na thamani. Ukiandika "nguo mbalimbali" umejitafutia mwezi mzima wa mzigo kukaa bohari kwa kulipiwa. Sisi tuliandika hivyo mara moja. Pesa za bohari zilikuwa nyingi kuliko za kitambaa.

Tutaona picha za watoto wakiwa wamevaa?

Hapana. Najua wafadhili wanapenda. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, lakini hata bila sheria jibu lingekuwa lilelile: watoto hao waliombewa nguo za kufanana ili wasijulikane. Nikibandika nyuso zao ukutani nitakuwa nimeyafumua niliyoyashona. Tunaomba picha ya nguo iliyotundikwa kwenye kamba baada ya kufuliwa mara tano. Hiyo inatufaa zaidi, inaonyesha mshono gani umeachia.

Nachangiaje pesa?

Njoo mwenyewe, au mtume mtu unayemjua na sisi tunamjua. Namba ya simu hatuiweki hadharani, na yeyote anayekutumia namba akisema ni sisi, si sisi. Tunapendelea ulete uzi. Uzi ndio unaoisha kila wakati na hakuna anayeukumbuka.

Naweza kutia barua au jina langu mfukoni?

Jina, hapana. Barua tulijadili sana. Wengine walisema mtoto atafurahi. Binamu wa Ngazija akatuuliza: mkipewa nguo yenye barua ya kukumbusha imetoka kwa nani, mtaivaa vipi siku ya Idi? Tukaacha. Lakini mfuko wa kaptura tunaushona mrefu, mpaka vidole vya mtoto visifike chini kabisa, na wanaoushona wanajua kwamba mvulana wa miaka sita ana mambo mengi ya kubeba.

Mnafunga lini?

Ramadhani tunashona asubuhi badala ya alasiri, na kumi la mwisho hatushoni kabisa. Mfungo Sita, wiki ya Maulidi, cherehani zote zinahamishwa kupisha wageni, kwani nyumba hiyo hulala watu mpaka ngazini. Wiki hiyo usije na kitambaa. Njoo na sahani.